OneNote, Obsidian, Joplin au CherryTree: ipi uweke kwenye laptopu kuukuu inayoganda ganda

Hii naiandika kwa ajili ya wenye mashine za mtumba, wenye laptopu za juzi wapite tu maana kwao apu yoyote itafanya kazi. Mdogo wangu anasoma uuguzi, wiki ya testi akanipigia anakaribia kulia, notsi zake za OneNote hazifunguki, akibofya kitabu cha anatomia kinazunguka kile kiduara mpaka anaenda kupika anarudi bado. Laptopu yake ni ya kizazi cha pili cha Core i5, yani ya 2011 hivi, RAM GB 4, hard disk ya kuzunguka, Windows 10. Akaniuliza kaka niweke apu gani nyepesi, na mimi nikiwa kwenye daladala bila kufikiri nikamtajia moja, akaishusha kwa bando lake, ikaganda vile vile, nikamtajia nyingine, nayo ikaganda, siku ya tatu ndo nikamwambia hebu ilete hiyo laptopu nyumbani.

Kumbe muda wote tunahukumu apu na mwenye kosa amekaa kimya chini yake. Nilifungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) nikiwa sijafungua apu yoyote ya notsi, na safu ya Disk imesimama 100% inagoma kushuka. Ukiona hivyo na imekaa dakika kumi tangu uwashe, acha kubadilisha apu, hata ukiweka Notepad itasubiri foleni. Nikaweka CrystalDiskInfo, ni bure na ndogo, inakusomea afya ya diski kwa rangi, bluu ni nzima, njano ni onyo, nyekundu jiandae na msiba. Ya kwake ilikuwa njano. Hapo cha kwanza ni kukopi notsi zote kwenye flashi, CHA KWANZA, kabla hujaanza kukimbiza chkdsk (kile kikagua diski cha Windows) na mambo ya kuirepea, maana diski inayokufa ukiichapa kazi nzito unaweza kuimalizia wewe mwenyewe.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hatujalinganisha chochote ni saa. Hii watu wengi hawaijui na imenisumbua mimi binafsi kwenye deskitopu ya zamani niliyokuwa nayo. Kila nikiwasha asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, notsi zinakataa kusinki (kulingana na nakala ya mtandaoni), brauza inalalamika kuhusu cheti cha tovuti, mi nalaumu intaneti, nabadilisha laini. Ilikuwa ni kile kibetri cha kwenye mazabodi, CR2032, kile cha duara kama sarafu, kimekwisha. Kompyuta ikiwa na tarehe ya uongo cheti cha usalama cha sava kinaonekana hakijaanza kutumika, kwa hiyo muunganisho unakataliwa, na apu yako inakuandikia tu imeshindwa kusinki bila kukuambia kwa nini. Bei yake ni ya soda mbili tatu. Kwenye laptopu nyingi kipo pia ila kimefungwa na kiwaya, muachie fundi.

Haya, tuseme diski ni nzima (au umeshaweka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, na kama una hela ya kitu kimoja tu, weka hela yako hapo kabla ya RAM), saa iko sawa, na bado inaganda. Sasa ndo apu zinatofautiana kweli.

Tofauti kubwa iko kwenye kilichotumika kuzijenga, muonekano ni jambo la baadaye. Obsidian na Joplin zote zimejengwa juu ya Electron, ambayo kwa lugha rahisi ni brauza nzima ya Chromium imefungwa ndani ya apu. Yani ukifungua Obsidian huku Chrome iko wazi, una brauza mbili zinagombania ile GB 4, na Windows 10 yenyewe na vitu vyake vya nyuma imeshachukua karibu nusu. Evernote nayo tangu toleo la 10 la mwaka 2020 iko kundi hilo hilo. CherryTree yenyewe imeandikwa kwa lugha ya programu ya C++, zamani ilikuwa Python halafu mwaka 2020 wakaiandika upya, na haibebi brauza mgongoni. Notepad++ pia ni C++, faili lake la kuinstoli halifiki hata MB 10, wakati hizi za Electron kwa kawaida zinaanzia karibu MB 100 na kwenda juu. Kwa mtu wa bando la siku hiyo peke yake ni sababu.

OneNote iko kivyake. Sio Electron, ni programu ya Office, ila uzito wake unatoka sehemu nyingine, unatoka kwenye kile unachoweka ndani. Mdogo wangu alikuwa anachukua PDF ya mwalimu ya kurasa 80 anaiprinti ndani ya OneNote ili aandike juu yake, na kila ukurasa pale unaingia kama picha. Mihadhara ishirini ya hivyo, hata mimi ningeganda. Halafu vitabu vyote vya notsi vilivyo wazi vinasinki na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, muda wote, hata kile cha muhula wa kwanza ambacho hakifungui tena. Dawa hapo ni kubofya kulia kwenye kitabu usichotumia na kukifunga, hakifutiki, kinabaki OneDrive, siku ukikihitaji unakifungua tena. Kwenye dirisha la hali ya kusinki kuna sehemu ya kuchagua kusinki kwa mkono, chagua hiyo kama intaneti yako ni ya kukatika katika.

Na kama OneNote yako ghafla inakuruhusu kusoma tu, kuandika haikubali, angalia jina lake kwenye menyu ya Start. Kulikuwa na OneNote mbili, ile ya kawaida na nyingine inaitwa OneNote for Windows 10, na hii ya pili ilifungwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile ambayo Windows 10 yenyewe ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa. Tangu hapo ni ya kusoma tu. Watu wanahangaika kuriset kompyuta nzima kumbe wanatakiwa tu kuhamia ile nyingine, ambayo ni bure. Ila kabla hujaitoa ile ya zamani hakikisha kila kitu kimeshapanda OneDrive.

Kuna mbinu moja ya OneNote ya kawaida inayozunguka sana kwa mafundi, unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika onenote /safeboot, inakupa nafasi ya kufuta kache, yani nakala ya muda iliyoko kwenye kompyuta yako. Inafanya kazi kweli, OneNote iliyogoma kufunguka inaamka. Lakini, na hapa naomba usome mara mbili, kile ulichoandika ambacho hakijasinki kinakaa humo humo kwenye kache. Ukifuta kimeenda. Halafu ikiamka itaanza kushusha vitabu vyako vyote upya kutoka OneDrive, kwa hiyo usifanye ukiwa na MB 500 za usiku.

Obsidian kwa upande wake ina kitu kimoja ninachokipenda kuliko zote, notsi zako ni mafaili ya kawaida ya maandishi, .md, yamekaa kwenye folda unayoiona kwa macho. Apu ikifa, ikiuzwa, ikianza kulipisha, notsi ziko pale unazifungua hata na Notepad. Na hii inafanya kuitengeneza kuwe rahisi sana. Imegoma kufunguka? Ingia kwenye folda ya notsi, utakuta folda imefichwa inaitwa .obsidian, ibadilishe jina tu, fungua tena, inaanza kama mpya na notsi zote zipo, kilichopotea ni setingi na plagini, yani vile viongezo vya kuipa apu kazi zaidi. Mara nyingi mkosaji ni plagini. Mtu ana Core 2 Duo, prosesa ya zamani zaidi, ameangalia video moja ya mzungu ana kompyuta kama ndege, akaweka plagini 25 ili mezani pake pafanane na pa yule, sasa kila akiwasha zote zinapakiwa kwanza. Washa Restricted mode kwenye sehemu ya Community plugins, kama inarudi kuwa nyepesi basi umempata mwizi, zirudishe moja moja. Skrini ikiwa nyeupe au inameta meta, nenda Appearance uzime hardware acceleration, kadi za picha za zamani na draiva zake za enzi hizo huwa hazielewani na Chromium ya leo. Na ile ramani ya nukta nukta inayounganisha notsi, nzuri kwa kupiga picha, kwenye mashine kuukuu usiifungue.

Joplin inafanana na Obsidian kwa nje, nayo ni Markdown (maandishi ya kawaida yanayopambwa kwa alama kama # na *), ila ndani ni tofauti. Notsi haziko kwenye mafaili ya kawaida, ziko kwenye hifadhidata moja ya SQLite, yani faili moja linalobeba zote, na picha na PDF ziko kwenye folda yake pembeni. Kwa hiyo huwezi kwenda tu kuchukua notsi moja ukaiweka kwenye flashi, unatakiwa kuexpoti, na bakapu yake ya kweli ni faili la JEX (aina yake Joplin yenyewe) unalolitoa kwenye menyu ya File. Naona watu wanakopi hiyo hifadhidata huku apu iko wazi halafu wanashangaa inakuja na makosa. Funga kwanza, au toa JEX.

Joplin ina faida ambayo Obsidian ya bure haina: kusinki kumo ndani na hakudai hela, unachagua Dropbox au OneDrive au Nextcloud, au hata folda tu ya kwenye flashi, na unaweza kuwasha usimbaji (encryption) ili hata mwenye sava asisome. Obsidian wana huduma yao ya kulipia, bila hiyo unajipangia mwenyewe. Apu ya Joplin ya simu ni nzuri pia, na kwa mwanafunzi anayeandika nusu kwenye simu nusu kwenye laptopu hiyo ni hoja kubwa sana. Ila ile sinki ya kwanza kama una notsi elfu moja mbili, jamani, ni pole pole, kila notsi inapanda kama faili lake peke yake. Iache usiku. Usiizime katikati ukidhani imeganda.

Ikiwa nzito: tumia ule uwanja wa kuandika peke yake, ule mtindo wa kuonyesha maandishi ghafi kushoto na yaliyopambwa kulia unafanya kazi mara mbili kila ukigusa herufi, Ctrl na L inakubadilishia. Zima usomaji wa maandishi kwenye picha kama umewashwa, huo unakula prosesa vibaya. Historia ya notsi inatunzwa siku 90 kama hujagusa, ukiipunguza hifadhidata nayo inaacha kunenepa. Na kwenye menyu ya Help kuna safe mode, kwa siku ambayo plagini imeleta fujo.

Sasa kwa wenye Windows 7, maana bado mpo na najua mpo. Toleo jipya la Joplin au Obsidian ukiliinstoli linakurushia kosa la kernel32.dll, na wengine mnaenda kushusha hiyo dll kwenye tovuti za ajabu ajabu mnarudi na virusi. Acheni. Electron iliacha Windows 7, 8 na 8.1 kuanzia toleo la 23, mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo apu yoyote iliyojengwa juu ya toleo hilo au la baadaye haitafunguka, na dll ya kuokota haitakusaidia. Hata Chrome ilikomea 109 kwa Windows hizo. Kwenu nyie Notepad++ ndo jibu fupi. Tengeneza folda, ndani kila somo na folda yake, fungua ile folda kubwa kama Folder as Workspace, kushoto unapata mti wa notsi zako zote, na Ctrl, Shift na F inakutafutia neno kwenye mafaili yote. Haina picha, haina mapambo, lakini inafunguka kabla hujamaliza kupiga chafya. Tahadhari moja tu, kuna watu wana tabia ya kuacha tabu 40 zinaitwa new 1, new 2, hawajasevu hata moja kwa sababu wakifunga na kufungua wanazikuta. Wanazikuta kwa sababu Notepad++ inaweka nakala ya pembeni kila baada ya sekunde 7. Siku umeme ukikatika vibaya katikati ya kuandika na betri ya laptopu ilishakufa zamani, inajulikana kabisa kwamba faili linaweza kurudi limejaa NUL NUL NUL mwanzo mwisho. Sevu kwa jina.

CherryTree ndo niliyoishia kumwekea mdogo wangu, na sababu nitazisema bila kuificha aibu yake. Notsi ziko kwenye mti, mada ndani ya mada ndani ya mada, ambayo kwa uuguzi inakaa vizuri sana, mfumo wa damu, chini yake moyo, chini yake vali. Picha inaingia, jedwali linaingia, paswedi inawekwa, na yote iko kwenye faili moja anaweza kulibeba kwenye flashi. Ipo ya kubebeka isiyohitaji kuinstoliwa, kwa hiyo hata kwenye kompyuta za maktaba inafunguka. Anapotengeneza faili jipya inamuuliza aina, achague SQLite, yani .ctb, sio XML, maana ya XML inaandikwa faili zima upya kila ukisevu na likinenepa utaisikia diski inavyolia, ya SQLite inaandika kilichobadilika tu. Na inaweka nakala tatu za nyuma pembeni yenyewe, zile zenye alama ya ~ mwishoni mwa jina, usizifute ukidhani ni takataka, siku faili likiharibika unaondoa hiyo ~ na unaendelea na maisha.

Aibu yake: haina apu ya simu. Kabisa. Na faili moja maana yake ukifungua kwenye laptopu, ukakopi kwenye flashi, ukaandika kwenye flashi, ukasahau, ukaandika kwenye laptopu, una vitabu viwili na hakuna wa kukuunganishia. Mdogo wangu ameshafanya hivyo mara moja, tulikaa Jumapili nzima tunalinganisha kwa macho. Sasa hivi sheria ni moja, la laptopu ndo mama, la flashi ni la kusoma tu.

Zim, apu nyingine ya notsi, niitaje haraka kwa wale waliokwisha kuiacha Windows na kukimbilia Linux Mint ya Xfce, ipo hapo kwenye duka la programu, notsi ni mafaili ya maandishi kwenye folda kama Obsidian lakini bila brauza ndani, alama zake za kupamba tu ndo si Markdown, ni za kwake. Kama mashine ina GB 2 ningeanza hapo bila kujadili. Google Keep mnayoniulizaga, ni nzuri kwa orodha ya sokoni, kwenye kompyuta inategemea brauza na intaneti, ile ya Chrome iliyokuwa inafanya kazi bila mtandao waliiondoa 2021. Evernote ya bure tangu Desemba 2023 ni notsi 50 na kitabu kimoja, mwanafunzi anazimaliza kabla ya testi ya kwanza, kama una notsi zako kule zitoe kwa faili la ENEX (aina ya Evernote ya kuexpoti) na Joplin inalipokea moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiniuliza wewe unayesoma hapa nikuchagulie, nitakuuliza kwanza RAM. Una GB 8 na SSD, hata kama laptopu ni ya 2011, chukua Obsidian kama unaandikia sehemu moja, chukua Joplin kama simu nayo inaandika. Una GB 4 na diski ya kuzunguka, CherryTree, au Joplin kama uko tayari kufunga Chrome kwanza kila ukiandika (hakuna anayefanya hivyo, mimi pia sifanyi). OneNote ibaki kwa anayechora kwa kalamu ya skrini au ambaye chuo chake kinagawa notsi humo, ila PDF ziache nje, zifungue pembeni na kisomaji chake, andika maelezo tu. Windows 7, tumeshamaliza.

Laptopu ya mdogo wangu ina SSD ya GB 240 sasa, tuligawana gharama nusu kwa nusu. Ameanza kuniuliza kama anaweza kurudi OneNote maana sasa inafunguka haraka, anazipenda zile rangi. Nimemwambia arudi tu, ila kwanza anionyeshe PDF ziko folda gani.